Asilimia 99.9 na Kile Kinachobaki

Mwezi Agosti, kama ilivyo desturi, nilizunguka mikoani kuwakagua wanafunzi wetu walio katika mafunzo kwa vitendo. Kituo cha mwisho kilikuwa kiwanda cha vinywaji baridi ambacho sitakitaja, kwa sababu nilichokiona pale ningeweza kukiona kwingine, na kukitaja kimoja kungekuwa sawa na kuvisafisha vingine vyote.

Afisa ubora aliyenipokea alikuwa mwanafunzi wangu miaka kumi iliyopita. Alinipa shikamoo langoni, akanitembeza kwa fahari ambayo mwalimu yeyote angeifurahia. Maji yalipimwa kila saa. Kila shehena ya sukari ilikuwa na faili lake. Hata vifuniko vya chupa vilikuwa na daftari. Tulipofika nyuma ya kiwanda, penye tangi jeupe la gesi, nikamwomba anionyeshe cheti cha uchambuzi wa gesi hiyo. Akaleta karatasi moja yenye jina la msambazaji, tarehe, mhuri, na mstari mmoja wa matokeo: usafi, asilimia 99.9.

Nikamuuliza: je, hiyo sehemu inayobaki ni nini?

Akacheka kwa adabu. "Mwalimu, hii si ni hewa tu?"

Sikumjibu palepale, maana palikuwa na watu, na si vema kumfundisha mtu mzima mbele ya walio chini yake. Namjibu hapa. Wasomaji wa safu hii wamenizoea nikiandika juu ya bajeti, uchaguzi na mikopo ya wanafunzi. Leo naomba mnivumilie nirudi kwenye somo linalonipa mshahara, yaani kemia ya viwandani. Naandika pia kwa sababu sehemu ya kosa ni yangu. Mimi ndiye niliyemfundisha kijana yule kukokotoa usafi wa gesi, nikampa alama nzuri, bila kumfundisha kuuliza kile kinachobaki.

Tuanze na hesabu, kwa kuwa hesabu haina chama. Asilimia 99.9 maana yake ni kwamba katika kila sehemu elfu moja za gesi, sehemu moja ni kitu kingine. Mwongozo wa kimataifa unaofuatwa na kampuni kubwa za soda, ule wa chama cha kimataifa cha wanateknolojia wa vinywaji, unataka usafi wa kaboni dayoksaidi usipungue asilimia hiyo, na hapo cheti nilichoonyeshwa kimefaulu. Lakini mwongozo huohuo hauishii hapo. Unataja uchafu mmoja baada ya mwingine na kuuwekea kikomo chake: salfa kwa jumla isizidi sehemu 0.1 katika milioni, asetaldehidi 0.2, amonia 2.5, na benzeni isizidi sehemu 20 katika bilioni. Sasa, sehemu moja katika elfu ni sawa na sehemu milioni moja katika bilioni. Nafasi iliyoachwa wazi na karatasi ile ingeweza kubeba benzeni mara elfu hamsini ya kikomo, na cheti kikabaki kinasema kweli tupu.

Sisemi kwamba benzeni ilikuwemo. Nasema karatasi ile haikuwa na uwezo wa kutuambia kama imo au haimo.

Yapo mambo mawili ambayo mnywaji wa kawaida hayajui kuhusu gesi hii. La kwanza ni wingi wake. Gesi iliyoyeyushwa katika chupa moja ya soda, ukiiacha itoke yote, yaweza kujaza chupa tatu au zaidi za ukubwa uleule. Kwa ujazo, basi, tunakunywa gesi kuliko tunavyokunywa soda. La pili ni asili yake. Gesi ya soda haikamuliwi kutoka hewani. Hewani imo kidogo mno, sehemu mia nne na ushee katika milioni. Hukusanywa mahali ambapo kazi nyingine inafanyika au ambapo ardhi yenyewe inapumua.

Viwanda vya mbolea vinavyotengeneza amonia kwa gesi asilia hubakiwa na kaboni dayoksaidi nyingi, na duniani hicho ni chanzo kikubwa. Viwanda vya bia na spiriti huipata katika uchachushaji. Wasio na jirani wa namna hiyo hununua mtambo unaochoma dizeli au mafuta ya taa kwa makusudi, moshi wake ukapitishwa katika kimiminika cha amini kinachonasa kaboni dayoksaidi, kisha kimiminika hicho kikachemshwa ili kiiachie. Na sisi wa Afrika Mashariki tuna neema ya bonde la ufa: katika milima ya volkano ya Rungwe, mkoani Mbeya, gesi hii huvunwa kutoka ardhini eneo la Kyejo, Wakenya huivuna Kereita, katika kaunti ya Kiambu.

Kila chanzo huja na jamaa zake. Gesi ya volkano yaweza kuja na haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya yai viza ambayo ikizidi huua kwanza uwezo wa pua kuinusa. Gesi ya uchachushaji huja na asetaldehidi na misombo ya salfa. Gesi ya kiwanda cha mbolea yaweza kubeba amonia, methanoli na mabaki ya haidrokaboni, benzeni ikiwa mojawapo. Gesi ya moshi huja na oksaidi za naitrojeni, monoksaidi ya kaboni, mafuta ambayo hayakuungua vizuri, na mabaki ya ile amini yenyewe inapochakaa. Kwa hiyo mtu anayetaka kutathmini hatari hawezi kuanza na swali "gesi hii ni safi kiasi gani?" Lazima aanze na "gesi hii imetoka wapi?", kwa sababu jibu la swali la pili ndilo linalomwambia apime nini. Cheti nilichoonyeshwa hakikutaja chanzo.

Baada ya chanzo huja usafishaji, na hapa ndipo tathmini nyingi za makaratasi hulala usingizi. Gesi huoshwa kwa maji, hupitishwa katika kemikali zinazooksidisha uchafu, hukaushwa, hupitishwa katika mkaa maalumu unaonasa misombo kama benzeni, kisha hupozwa mpaka ikawa kimiminika. Kila hatua ni mlinzi, na kila mlinzi huchoka. Mkaa ukishashiba huanza kupitisha kila kitu, na haupigi kelele. Mashine huendelea kuzunguka, gesi huendelea kutoka, cheti huendelea kusema 99.9.

Haya si mawazo ya mwalimu anayejitafutia hofu. Mwezi Februari 1990 maabara moja ya serikali ya mtaa katika jimbo la North Carolina, Marekani, iligundua benzeni katika maji ya Perrier, maji ya Ufaransa yaliyouzwa duniani kote kwa sifa ya usafi. Tazama jinsi walivyogundua: maabara hiyo ilikuwa ikiyatumia maji hayo kama kipimo cha usafi, yaani kitu cha kulinganishia maji machafu. Walipoona vipimo vyao vinakwenda kombo, walidhani vyombo vyao ndivyo vibovu. Kumbe ni maji. Benzeni ilikuwa kati ya sehemu 12 na 20 katika bilioni, wakati kikomo cha Marekani ni 5.

Maelezo ya kwanza ya kampuni yalikuwa kwamba kosa ni la kimiminika cha kusafishia mitambo kilichotumiwa kwa bahati mbaya kwenye mstari mmoja wa kujazia chupa za Marekani. Kwa maneno mengine, ni mfanyakazi. Kisha benzeni ikaonekana Uholanzi na Denmark, ambako chupa za mstari ule hazikwenda. Ndipo ukweli ukatoka: gesi inayochimbwa pale Vergèze kwa asili yake ina benzeni, siku zote ilikuwa nayo, na ilikuwa ikiondolewa kwa vichujio vya mkaa ambavyo havikubadilishwa kwa wakati. Chupa milioni 160 zikaondolewa sokoni. Miaka miwili baadaye kampuni ilikuwa mikononi mwa Nestlé. Kisima cha volkano, mkaa ulioshiba, na mtu wa chini aliyetajwa kwanza: msomaji wa Mbeya au wa Kiambu asome tena aya hii polepole. Siwatuhumu wanaovuna gesi huko, sina sababu. Nasema kisa cha Ufaransa ni cha watu wenye ardhi kama yetu.

Mwaka 1998 ikawa zamu ya Uingereza. Kaboni dayoksaidi iliyotoka katika kiwanda cha amonia cha Severnside, karibu na Bristol, ilichafuliwa na benzeni kutokana na uvujaji ndani ya mtambo, ikauzwa kwa watengenezaji wa vinywaji, na bidhaa zikalazimika kurudishwa kutoka madukani. Serikali ilisema kiasi kilichokuwamo hakikuwa cha kumdhuru mnywaji papo hapo, nami sina ubishi na hilo. Kinachonivutia ni kesi iliyofuata. Kampuni za Britvic na Bacardi-Martini zilimshtaki muuzaji wa gesi, naye akajikinga kwa mkataba uliomwondolea dhima. Mwaka 2002 Mahakama ya Rufani iliona kwamba gesi yenye benzeni haikuwa na ubora unaostahili kwa kazi yake, na kwamba kifungu cha kujiondolea dhima hakikuwa cha haki. Wanafunzi wa sheria wanaonisoma, tafuteni hukumu hizo. Zitawafaa siku mtakapoandika mkataba wa kiwanda cha kwetu.

Na mwaka 1999 Ubelgiji. Watoto wa shule moja huko Bornem waliugua baada ya kunywa Coca-Cola, kisha wengine mahali pengine, na serikali ikapiga marufuku bidhaa za kampuni hiyo nchi nzima. Maelezo ya kampuni yaliitaja gesi ya kiwanda cha Antwerp kuwa na kabonili salfaidi, msombo ambao ndani ya kinywaji chenye asidi hugeuka kuwa ile haidrojeni salfaidi ya yai viza. Wataalamu wa sumu waliochunguza baadaye waliona kiasi kilikuwa kidogo mno kuugua nacho. Harufu ilikuwa ya kweli, lakini sehemu kubwa ya ugonjwa huenda ilikuwa hofu iliyoambukizana. Wapo wanaokitumia kisa hiki kusema kwamba suala zima ni kelele. Mimi nakisoma kinyume. Hofu ilienea kwa sababu siku ile ya kwanza hakuna aliyeweza kusimama na karatasi mkononi akasema gesi ilipimwa nini, lini, na nani. Mahali penye ukimya, uvumi hupanga chumba.

Mpaka hapa nimemtetea mnywaji. Lakini mnywaji, kwa kawaida, ni wa mwisho kudhurika. Wa kwanza ni yule aliye karibu na tangi.

Kaboni dayoksaidi haina rangi, haina harufu, na ni nzito kuliko hewa kwa mara moja na nusu, hivyo hutambaa chini na kujaa mashimoni, kwenye mitaro na vyumba vya chini ya ardhi. Wenzetu wanaosema Kiswahili huko Goma, mashariki mwa Kongo, wana neno lake: mazuku, yale mabonde madogo kando ya ziwa Kivu ambamo gesi ya volkano hutuama, na mbuzi akiingia hatoki, na mtu anayemfuata mbuzi naye hatoki. Huko Kameruni, usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, ziwa Nyos lilitapika gesi hii na watu wapatao 1,700 wakafa, wengi wao usingizini. Gesi ni ileile iliyomo kwenye tangi jeupe nyuma ya kiwanda. Tofauti ni vali, kuta na akili ya anayeisimamia.

Ndani ya tangi gesi imepozwa kufikia nyuzi 20 hivi chini ya sifuri, katika mgandamizo wa karibu mara 20 ya ule wa hewa tunayoivuta. Lita moja ya kimiminika hicho ikitoka huwa zaidi ya lita 500 za gesi. Tangi lenyewe likipasuka, halivuji. Hulipuka, ingawa gesi hii haiwaki moto. Tarehe 2 Januari 1969, huko Répcelak nchini Hungaria, tangi la kiwanda cha kaboni dayoksaidi lilipasuka na watu 9 wakafa. Mwaka 1988 huko Worms, Ujerumani, lingine liliua watatu. Mtu anaweza kufundisha muhula mzima juu ya matangi hayo mawili, na ningependa siku moja chuo kinipe muhula huo.

Lakini vifo vingi vya gesi hii haviandikwi magazetini kama mlipuko. Huwa ni fundi aliyeingia kwenye tangi la kuchachushia au shimo la pampu, akaanguka, na mwenzake aliyeingia kumwokoa akaanguka juu yake. Hapa pana kosa moja la kitaalamu ambalo naona linarudiwarudiwa, nalo ni kumlinda mfanyakazi kwa kipima oksijeni peke yake. Fanyeni hesabu. Hewa ina oksijeni asilimia 20.9. Ikiingia kaboni dayoksaidi kufikia asilimia 5 ya hewa ya chumba, oksijeni inashuka mpaka 19.9 hivi. Kipima oksijeni, ambacho kwa kawaida huwekwa kipige kengele chini ya 19.5, kitakaa kimya. Ilhali kiwango kinachohesabiwa kuwa hatari ya papo hapo kwa uhai ni asilimia 4, na kikomo cha kazi ya saa nane ni asilimia 0.5 tu. Ikifika asilimia 10, mtu huzimia katika dakika chache. Gesi hii haiui kwa kuifukuza oksijeni tu. Ni sumu yenyewe, na inahitaji kipimo chake.

Katika kiwanda kile nilichokwenda, kipimo chake kilikuwapo. Mwanafunzi wangu wa mwaka wa tatu, binti makini kuliko nilivyokuwa mimi katika umri wake, aliandika katika kitabu chake cha kumbukumbu za kila siku kwamba kigunduzi cha chumba cha kompresa kimechomolewa waya, na sababu aliyopewa ni kuwa "kinapiga kelele bila sababu." Msimamizi wake alimtaka aufute mstari huo kabla sijafika. Alinionyesha kitabu akiwa ameshika kifutio mkono wa pili. "Mwalimu, niufute?" Nilitia saini chini ya mstari ule na kuandika tarehe.

Sasa tuje kwa serikali, kwa sababu najua safu hii husomwa maofisini, na najua wapo watakaoniambia sheria zipo. Zipo, na si mbaya. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri afanye tathmini ya hatari. Mwaka huohuo ilitungwa sheria ya kudhibiti kemikali za viwandani na majumbani, iliyo chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Usalama wa chakula, tangu mabadiliko ya mwaka 2019 yaliyoiondoa kazi hiyo mikononi mwa iliyokuwa TFDA, uko Shirika la Viwango. Mazingira yana taasisi yake.

Tazameni basi safari ya gesi. Ikiwa kwenye lori, ni kemikali. Ikivuja katika chumba cha kompresa, ni suala la usalama kazini. Ikitoka kwenye bomba la moshi, ni mazingira. Ikiingia kwenye chupa, ni chakula. Gesi ileile imebadilisha baba mara nne kati ya lango na ghala. Wahenga walionya juu ya manahodha wengi. Hapa kila nahodha ana hakika kwamba usukani umeshikwa na mwenzake. Mkaguzi wa chakula hupima kinywaji kilichokwisha kujazwa, wakati uchafu wa gesi ulipaswa kukamatwa kwenye lori. Mkaguzi wa kazi hukagua kofia, viatu na kizimamoto. Swali la nani anayelinganisha cheti cha gesi na chanzo cha gesi, shehena kwa shehena, nalielekeza kwa wakuu wa taasisi hizo zote kwa pamoja, na nitachapisha hapa jibu lolote litakaloletwa, bila kulikata.

Kuna jambo jingine linalofanya swali hilo lisiweze kusubiri. Chanzo cha gesi hubadilika. Katika kiangazi cha 2018 viwanda kadhaa vya amonia vya Ulaya vilisimama kwa wakati mmoja, na watengenezaji wa bia na soda wakahaha kutafuta gesi. Septemba 2021 bei ya gesi asilia ilipopanda, viwanda viwili vya mbolea vya Uingereza vilifungwa, na serikali ikalazimika kutoa fedha ili uzalishaji urudi, kwa kuwa hata machinjio yalikuwa yanakaribia kusimama. Uhaba ukitokea, mnunuzi huchukua gesi iliyopo. Lebo ya chupa haibadiliki. Nasi tunazungumzia kujenga viwanda vya mbolea kwa gesi asilia yetu, na viwanda vya sukari vinaingia katika spiriti. Vyote vitakuwa na kaboni dayoksaidi ya kuuza. Hayo ni maendeleo, na nayaunga mkono. Lakini mwenye kiwanda cha soda aliyezoea gesi ya kisima, siku akiuziwa gesi ya mbolea kwa karatasi ileile ya mstari mmoja, atakuwa amebadilisha hatari zote bila kubadilisha faili.

Wapo watakaosema: Dokta, sukari iliyomo ndani ya soda inaua wengi kuliko benzeni unayoihubiri. Ni kweli, na nimewahi kuandika hivyo hapahapa. Ila sukari imeandikwa kwenye chupa. Mama anayemnunulia mtoto soda siku ya kipaimara anajua kuna sukari; amechagua. Kilichomo katika ile sehemu moja ya elfu hakuna aliyempa nafasi ya kukichagua. Wengine watasema nawatisha wawekezaji. Mwekezaji aliyeona Perrier ikipotea kwa sababu ya mkaa ambao haukubadilishwa hahitaji kutishwa nami. Anayetishika na swali "gesi yako imetoka wapi?" tungependa kujua anaficha nini.

Hoja ninayoiheshimu zaidi ilitoka kwa mwenzangu wa idara ya uchumi. Aliniambia kwamba nchi yenye wilaya ambazo watu wake wanakunywa maji ya mto haina haki ya kutumia fedha kupima sehemu 20 katika bilioni. Nilikaa nayo hoja hiyo siku kadhaa. Jibu langu ni kwamba hakuna anayeomba fedha ya maji ya mto. Gharama ya kipimo ni ya anayeuza gesi na anayeinunua, ambao wote wanapata faida. Kazi ya serikali ni kudai karatasi na kuisoma. Kusoma hakuhitaji mkopo wa Benki ya Dunia. Na kigunduzi cha chumba cha kompresa kilikuwa kimekwisha kununuliwa. Kilichokosekana ni mtu wa kurudisha waya.

Ninachodai kinaweza kuandikwa katika waraka wa ukurasa mmoja. Kila shehena ya gesi ya vinywaji ije na cheti kinachotaja chanzo chake na matokeo ya kila uchafu unaotarajiwa kutoka katika chanzo hicho, si asilimia ya usafi peke yake. Chanzo kikibadilika, tathmini ianze upya kabla gesi haijafunguliwa. Tarehe ya kubadilisha vichujio iwe sehemu ya cheti. Kila chumba chenye gesi hii kiwe na kigunduzi cha kaboni dayoksaidi, na kukichomoa liwe kosa la meneja, si la fundi. Na tathmini hizo zisifungiwe kabatini: Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inazigusa hata taasisi binafsi zinazoshikilia taarifa zenye maslahi makubwa kwa umma, na inaipa taasisi iliyoombwa siku zisizozidi 30 kujibu. Wanaharakati wanaolalamika kwamba sheria ile haina meno, jaribuni kuing'atia hapa. Andikeni barua ya kuomba vyeti vya gesi vya mwaka mmoja. Barua kumi zitatosha kutuonyesha hali ilivyo.

Kwa upande wetu vyuoni, nimekwisha kubadilisha mtihani. Swali la kukokotoa usafi wa gesi bado lipo, lakini sasa lina kipengele cha pili chenye alama nyingi kuliko cha kwanza: mwanafunzi anapewa cheti cha mstari mmoja na kuambiwa aandike barua ya kukikataa.

Wiki iliyopita yule afisa ubora alinipigia simu. Hakuzungumzia kicheko chake, nami sikumkumbusha. Kigunduzi kimerudishiwa waya. Kumbe kilikuwa kinalia kwa sababu muungio mmoja wa bomba ulikuwa unavuja kweli. Ameandika pia kwa msambazaji kuomba cheti kamili, chenye chanzo. Amejibiwa kwamba vipimo hivyo vitapelekwa kufanywa nje ya nchi, na kwamba mteja anayevitaka atavilipia. Barua hiyo sasa iko mezani kwa meneja wa fedha.